Koti la Shabani lilivyonipeleka mahabusu, na mifupa iliyonitoa

Wakuu kwema?

Humu nina miaka ya kutosha, kazi yangu kusoma na kupita. Leo naomba mnisikilize mimi. Haya nimeyapitia mwenyewe, chumvi sijaongeza, na nikiyakumbuka moyo bado unaenda mbio.

Ni mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Mitumba imeingia kwa fujo, kila mtu anajiita mfanyabiashara. Mimi na Shabani, mtoto wa mama mdogo, tulikuwa tunakusanya kabichi Mgeta na kuzipakia kwenye malori ya Dar.

Siku moja Shabani akasema anaacha, anakwenda machimboni kutafuta mawe ya thamani. Tukagombana palepale malori yanapopakilia, watu wanatazama. Mdomo ukaniponyoka: "Nenda! Bora ufe tujue moja!"

Hasira tu wakuu. Nani hajawahi kusema hivyo?

Akaondoka na koti lake la mtumba, la kijani. Kifungo kimoja kilikuwa kimeng'oka, mama mdogo akamshonea cheusi.

Miezi minane kimya. Simu kijijini hakuna, barua hakuna.

Masika yalipoisha, kina mama waliokwenda kukata majani wakakuta mifupa bondeni, chini ya njia yetu. Ipo ndani ya koti la kijani, kifungo kimoja cheusi.

Akaitwa mjomba kutambua. Kwa msiotujua Waluguru, ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye watu. Na mimi na Shabani mjomba wetu ni mmoja. Alikishika kile kifungo, akakaa chini kwenye matope.

"Ni Shabani," akasema. Halafu akaniangalia mimi.

Alasiri niko mahabusu. Watu watatu walikuwa wameshaeleza maneno yangu ya siku ile, neno kwa neno.

Jamani, hofu niliyoipata pale siwezi kumwombea mtu. Nikasikia mjomba ameshatafuta sanda, anataka azike haraka. Nikajua mifupa ile ikishafukiwa kwa jina la Shabani, nimekwisha. Ilifika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli sikumfanya kitu.

Bahati yangu, askari mpelelezi aligoma. Hakuna kuzika mpaka daktari aione. Ikapelekwa hospitali mjini, na siku ya nne tukaitwa, mimi na pingu zangu, mjomba na kofia yake.

Mifupa ilikuwa imepangwa mezani kama mtu aliyelala chali. Nilishindwa kuitazama. Nikawa naangalia viatu vya daktari.

"Shikamoo mzee," akamwambia mjomba. "Kijana wako alikuwa na umri gani?"

"Marahaba. Ishirini na mbili."

Daktari akainua nyonga, akamwonyesha ilivyo pana, akasema ya mwanamume huwa nyembamba. Meno yamelika. Pingili za shingo zimeota vinundu, kama za mtu aliyebeba mizigo kichwani miaka mingi.

"Mzee, huyu ni mwanamke. Mtu mzima, arobaini na kitu huko."

"Na koti?"

"Koti linavuliwa, mzee. Nyonga haivuliwi."

Mjomba akauliza kilichomuua. Daktari akasema kwenye mifupa hakioni, na asichokiona hakisemi.

Mama yangu alikuwa nje koridoni. Alipoambiwa alipiga vigelegele mpaka manesi wakatoka kumnyamazisha. Mimi nililia kama mtoto. Nilipoachiwa, mjomba aliniomba radhi mbele ya watu, tukapika pilau, tukala tukashiba.

Mwaka uliofuata, kabla ya Mfungo, Shabani akarudi. Kakonda, mzima. Salamu zikiwa hazijaisha nikamuuliza koti liko wapi.

"Nilimpa mama mmoja njiani," akasema. "Mimi nashuka, yeye anapanda na kapu la karanga, kalowa anatetemeka. Aliniambia katokea Gairo. Mimi si nilikuwa nakwenda kwenye joto?"

"Jina lake?"

"Sikumuuliza, kaka."

Kesho yake tukashuka mjini kueleza. Tukaambiwa ile mifupa ilishazikwa makaburi ya wasio na ndugu. Hakuna aliyekuja kuiulizia.

Wakuu, nguo si mtu, hilo nimejifunza. Na ulimi nimeufunga. Ila linalonisumbua ni ile pilau. Tulishangilia kwamba si wetu, na kwenye sinia lile hakuna hata mmoja aliyeuliza basi ni wa nani. Mimi niko huru kwa sababu yake na hata jina lake silijui.

Maoni karibuni, matusi pia nitayapokea. Lakini watu wa Gairo, kama kwenu kuna mama alitoka na kapu la karanga miaka ile akapanda Mgeta, hakurudi, nifuateni PM. Kaburi naweza kuwaonyesha.