Bijou Aliambiwa Kwanza

Harufu ya jasho la farasi, nyasi mbichi na upepo wa ziwa bado naijua, na bado inanitia wivu. Baba alikuwa mtunza farasi katika uwanja mmoja wa Kinindo, ambako watu wenye magari yao walikuja kupanda farasi jioni. Sisi tulikaa Musaga, mtaa wa watu wasio na magari. Mdogo wangu Aline alikuwa na miaka minne na hajasema neno la maana. Alinyoosha kidole tu, na mimi, mwenye miaka kumi, nikawaeleza wengine: anataka maji, ameumwa na siafu, hataki maharagwe. Mama aliniita mdomo wa Aline. Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Likizo kubwa ya mwaka ule Baba akaanza kutupeleka kazini. Bandani kulikuwa na farasi jike mzee wa rangi ya kahawa, Bijou, aliyekuwa haoni kwa jicho moja, na sheria ya Baba ilikuwa hii: usimguse kabla hujamwambia. Yeye mwenyewe alitangaza kila kitu, brashi, ndoo, mguu wa kushoto, kwa sauti ya chini, na Bijou akatulia. Siku ya kwanza Aline aliinua mkono, nami nikawahi: "Bijou, Aline anakugusa!" Baba akaudaka ule mkono hewani.

"Apana. Mukono ni wa nani?"

"Wa Aline."

"Basi weye nyamaza. Mwenye mukono aseme mwenyewe."

Karibu wiki nzima nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikiomba kimoyomoyo Aline ashindwe, ili tukirudi nyumbani anihitaji. Kisha asubuhi moja, mkono juu, akasema waziwazi: "Bijou, mukono." Yule mnyama akashusha kichwa na kumpulizia pumzi ya moto tumboni. Baba alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilitoka nje nikaupiga ukuta teke. Miaka yote ile nilikuwa nimembeba mgongoni, na jina la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa la farasi! Jioni nikampapasa Aline kichwa, nikitaka kumrudisha upande wangu. Akajivuta nyuma.

"Sema kwanza," akaniambia.

Likizo ilipokwisha, hakuna aliyehitaji mdomo wangu tena.

Bijou alikufa zamani. Aline sasa anafundisha watoto wadogo huko Buterere, na hawafungulii mlango wala kuwapa kikombe kabla hawajasema wenyewe. Mimi nimevuka miaka arobaini nikihama: Uvira, Kigoma, Lubumbashi. Kote niliondoka bila kumuaga mtu, hata yeye. Kila Jumapili hunipigia, na mwishoni husema kwa sauti ya chini, ile ya bandani, "Kaka, sasa nakata simu," kisha anangoja nijibu. Hapo namwonea wivu farasi aliyekufa, aliyeipata sauti hiyo kabla yangu.

Juzi, begi likiwa limeshafungwa, nilimpigia mimi.

"Aline, naondoka hapa kesho."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Eeh, kaka," akasema. "Leo umesema kwanza."