Nazi na Chungwa

Thuraiya Amur hakujua kutulia tangu udogo wake. Mama yake alikuwa akimwambia ana siafu miguuni, na alipoanza kufundisha fizikia kwenye tawi la chuo kikuu hapo Wete, mhadhara wa saa nzima ulimshinda mwenyewe kabla haujawashinda wanafunzi. Akaamua kurikodi masomo, akawatumia kwenye simu wayatazame nyumbani, na darasani akawakalisha makundi makundi wabishane. Huko kubishana ndiko kulikogoma.

Maana darasani alikuwamo Mwalimu Himid. Mzee huyu alifundisha skuli za msingi za Wete na Micheweni mpaka mvi zikamjaa, kisha akaja chuoni kutafuta digrii. Nusu ya wanafunzi wenzake yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Akishasema yeye, nani atie neno? Thuraiya mwenyewe alikaa mbele yake darasa la tatu, na mpaka leo akipita mlangoni kwake hupunguza mwendo.

Wiki moja mkuu wa idara alimwambia atakuja Jumatatu kulitazama darasa. Akikuta watu kimya, basi mambo ya simu yakome, arudi kusoma notisi kama wenzake. Thuraiya akahangaika, akapata njia: kila mtu atume jibu lake kwa simu bila jina, lionekane ukutani. Bila jina, aliwaza, heshima itakosa pa kukaa.

Jumatatu mkuu wa idara akaja, akakaa nyuma na daftari lake. Thuraiya akauliza: nazi na chungwa vikiachiwa pamoja kutoka ghorofani, kipi kitatangulia kufika chini? Jibu lilikuwamo kwenye somo walilokwisha kulitazama nyumbani. Makundi yakainamiana. Mwalimu Himid akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, kuwa nazi itatangulia kwa sababu ndiyo nzito. Majibu yakaanza kutokea ukutani: nazi, nazi, nazi, mpaka la mwisho.

Thuraiya akenda dirishani, akarudi, akasimama mbele ya msichana mmoja aliyeinamia simu yake.

"Mwanabaraka, si ulinitumia video umeviangusha kwenu? Vilifikaje?"

"Pamoja."

"Na sasa umetuma jibu gani?"

"Nazi."

"Jina lako halionekani. Umemwogopa nani?"

"Sikuogopa. Mwalimu keshasema, mie ndo nimkosoe?"

Thuraiya akapandisha hasira. Akawaambia wamemvunja moyo, kwamba mtu mzima haachi alichokiona kwa macho yake kwa kuoneana haya. Hapo Mwalimu Himid akasimama taratibu.

"Usiwatolee hasira, mwanangu. Wiki iliyopita nliandika vivi hivi kwenye kazi yangu, kizito hutangulia. Weye ukanandikia 'Vizuri sana.' Hukuliona kosa?"

Aliliona. Aliliwekea alama, kisha akaifuta, akajiambia si kosa kubwa. Mkuu wa idara aliacha kuandika.

"Nililiona, Mwalimu."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuonea haya."

"Mie nimekuja kusoma, Thuraiya. Kama weye hunambii, hawa watanambia vipi?"

Thuraiya alitamani kukimbia, na siafu zote zilikuwa miguuni, lakini alibaki pale pale.

"Umekosea, Mwalimu," akasema, na sauti ikamtoka ya mtoto wa darasa la tatu.

"Haya. Nambie nimekosea wapi."

Thuraiya alitaka kueleza mwenyewe, akajizuia. Akamgeukia Mwanabaraka. "Mweleze weye."

Msichana alivuta kiti mpaka karibu na mzee, akamwonesha video yake. Himid aliitazama, akairudia, akatikisa kichwa.

"Sisadiki. Kizito ni kizito tu."

Thuraiya akabana mikono yake asiingilie. Mwanabaraka alitazama sakafu.

"Bado umekosea, Mwalimu," akasema.

Nyuma kule, mkuu wa idara alisogeza kiti chake mbele apate kusikia.