Maji Tuliyoendelea Kuchemsha

Iko siku moja hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa msichana, tunaishi nje kidogo ya Voi, na yule mtafiti aliyepima maji ya kisima chetu mwaka uliotangulia akarudi kutusalimia. Kijana wa kwetu, mzaliwa wa Ronge. Mimi nilikuwa naota kuwa kama yeye. Sikufichi, nilipomwona nilikimbia kupaka mafuta.

Mama akampa maji, maana kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajanywa. Alipokuja mara ya kwanza alimaliza kikombe akaomba kingine. Safari hii alikishika tu, akakiweka chini, akatoa mkobani chupa ya maji ya dukani.

"Baba, mbona leo hunywi?" Mama akamuuliza.

Akasingizia koo. Mama akamsogezea kikombe tena. Ndipo akasema polepole kwamba maji yetu yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno ya mtoto yangali kwenye ufizi. Alikuwa akilijua hilo kwa miezi mingi. Lakini ripoti haikuwa imechapishwa, na wakubwa wake walimwambia angoje, watu wasije wakashtuka bure.

"Mimi huyachemsha kila siku," Mama akasema.

"Kuchemsha hakuondoi floraidi, mama."

Mama akamwita mdogo wangu Wakio, aonyeshe meno yake mapya ya mbele. Yalikuwa na madoa ya kahawia.

"Haya labda yalishaharibika," Mama akamwambia mgeni, bila kupandisha sauti. "Lakini yaliyobaki ufizini? Tungekinga mvua, tungeomba kwa watu. Wewe ulitunyima hata nafasi ya kuhangaika."

Yule kijana alilia, masikini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo huniuma zaidi. Meno mengine ya Wakio yalitoka vilevile. Huyo mama yako mdogo mpaka leo hucheka ameziba mdomo, nawe umezoea ukidhani ni kuona haya tu.

Sasa unaenda chuoni kusomea utafiti, na mimi nimefurahi hadi usingizi sipati. Ila nakuomba hivi: ukigundua jambo linalodhuru watu, wao ndio wa kwanza kuambiwa. Kama bado huna uhakika, waambie huna uhakika, watu wanaelewa. Jarida la kuchapisha utafiti wako lingoje. Mkubwa akikuambia unyamaze, kataa kwa adabu, lakini kataa. Na wakikufukuza, rudi nyumbani, tutakula kilichopo.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe moyo usiozoea maumivu ya wenzako.