Kesi Niliyowashinda Wenzangu

Nakala ya hukumu ninayo kabatini, chini ya mashuka ya wageni, na hakuna kitu ndani ya nyumba hii ninachokichukia zaidi. Nilishinda. Niliwashinda wanawake kumi na wanane wa mtaa wangu hapa Bagamoyo, wanawake niliosoma nao kasida tangu wengine wetu tukiwa maharusi. Siku ile nilitoka mahakamani kifua mbele, nikamsalimia kila niliyekutana naye njiani, hata wale nisiowajua.

Chama chetu ni cha kasida. Tunaalikwa kwenye harusi, akika na maulidi. Tunakaa mkekani safu mbili, matari mkononi, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Kwa miaka mingi mwanzishaji nilikuwa mimi. Wapo waliokuwa na sauti nzuri kuliko yangu, lakini pumzi hawakuwa nayo. Kushoto kwangu alikaa mwenyekiti wetu, rafiki yangu tangu usichana, goti lake limegusana na langu. Nikikimbiza mwendo alinisukuma kidogo kwa goti, nami nikapunguza. Hakuna mgeni aliyewahi kuliona hilo. Kasida nyingine nimezisahau, lile goti sijalisahau.

Tulipotakiwa kusajili chama, katiba niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na wenzangu waliamini mwalimu anajua kila kitu. Kurasa mbili tu. Kifungu cha tisa kilisema mwanachama hafukuzwi mpaka aitwe mbele ya mkutano na asikilizwe. Nilipokisoma tulicheka sana. Nani angemfukuza nani?

Kosa langu ni hili, na nalisema leo kwa sababu wakati wake sikulisema. Familia moja ya Mlingotini ilitualika harusini. Mwenyekiti akakataa, kwani mama wa bwana harusi alimtangaza vibaya binti wa mwenyekiti alipoachika. Chama kizima kikakubali kwamba hatuendi. Mimi nikaenda. Nilikwenda na kikundi kingine, nimevaa dera la kijani, sare ya chama chetu, nikakaa katikati nikaanzisha. Sina sababu nyingine ya kutoa. Nilipenda kuanzisha, basi. Kufikia jioni video ilishazunguka simu zote za mtaani, na kabla sijavua baibui nikaona mwenyekiti ameniondoa kwenye grupu letu la simu. Hakunipigia. Hakutuma mtu. Miaka yote ile, nimefutwa kwa kidole gumba.

Mimi nina hasira za karibu, na hasira za mwalimu hutafuta karatasi. Usiku kucha kile kifungu cha tisa hakikunitoka kichwani. Mume wangu alinisihi: "Nenda kwa mwenzio, kalieni, yaishe." Nikamjibu kwamba sijamwomba ushauri, nikaenda mahakamani.

Kesi haikuwa ndefu. Hakimu alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, mpole, asiye na maneno mengi.

"Mahakama haiingii mkekani kwenu," alisema. "Nani aanzishe, nani aitikie, nani apendwe, hayo ni yenu. Lakini mlijiwekea wenyewe utaratibu wa kumsikiliza mtu kabla ya kumtoa, na hamkuufuata. Hapo ndipo ninapoweza kugusa."

Akaamuru nirudishiwe uanachama, na kama wana neno nami waniite kwanza wanisikilize. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, mikono ameificha ndani ya mtandio. Hakunitazama. Hadi leo naamini hakimu alisema kweli tupu. Tatizo ni kwamba nilichokuwa nakitaka mimi kilikuwa upande ule aliokataa kuugusa, na nilikwenda kumwomba mtu asiyekuwa nacho.

Waliniita kwenye mkutano kama walivyoamriwa. "Una la kusema?" akauliza mwenyekiti. Nilikuwa nalo, tena la dakika ishirini. Nikataja kifungu cha tisa, nikarudi cha nne, nikasema hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanachama haruhusiwi kuimba na wengine. Nilikuwa sahihi neno kwa neno. Nilipomaliza wote walikuwa wananitazama, wanangoja. Mimi nikadhani wanangoja kifungu kingine, nikaongeza cha sita.

"Tumekusikia," akasema mwenyekiti. Wakapiga kura, mikono yote ikanyooshwa kwamba nibaki.

Nikarudishwa kwenye grupu, na grupu likapoa. Zamani simu yangu ilikuwa haitulii: nani kapika nini, nani kanuniwa na mumewe, picha za vitambaa, vicheko visivyo na kichwa wala miguu. Sasa yalikuja matangazo ya misiba tu, na chini yake "amina" zimepangana. Nikajiambia watu wana shughuli zao. Nilijiambia hivyo kwa wiki tano.

Harusi ya kwanza baada ya hukumu ilikuwa hapa hapa mjini. Nilijulishwa siku na saa. Nikapiga pasi dera langu la kijani, nikajifukiza udi, nikaingia. Wenzangu walikuwa wameshakaa, wote kumi na wanane, wamevaa zambarau. Dera jipya, mtandio mpya, mshono mmoja. Kitambaa kile kilichaguliwa, kikabishaniwa, kikapelekwa kwa fundi, watu wakapimwa viuno na kutaniana, na mimi sikusikia hata neno moja. Ndipo nilipojua kwamba kuna grupu jingine.

Nafasi yangu ya katikati walikuwa wameniachia. Nikakaa, kijani peke yangu. Nikaanzisha, wakaitikia kwa sauti safi na kwa wakati wake, hawakunikosea popote. Goti la mwenyekiti lilikuwa mbali na langu kama upana wa kiganja. Nikakimbiza mwendo makusudi, nikangoja. Goti halikuja.

Kesho yake nilirudi mahakamani kumweleza karani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama yangu, mahakama haiwezi kukushonea dera." Nilicheka mbele yake. Nilipopanda bodaboda nililia, dereva akadhani ni vumbi, akaniomba radhi.

Hapo ndipo nikaenda kwa mwenyekiti, kupitia mlango wa uani niliokuwa nikiuingia bila kubisha. Safari hii nilipiga hodi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Karibu, mwanachama," akasema.

"Nimekosa," nikamwambia. "Nilijua kwenda Mlingotini kutakuuma, na nikaenda. Nisamehe, dada."

Aliendelea kuchambua. "Hilo tulilingoja siku ile ya mkutano. Ungelisema, tungelia wote, tukapika, tukala."

"Nalisema leo."

"Leo kuna hukumu. Nikikukumbatia leo utajuaje kama ni mimi au ni hakimu?" Akaweka ungo chini. "Na mimi mwenyewe nitajuaje?"

Nililala na swali hilo siku nyingi. Kila walichonipa wenzangu tangu ile kesi walinipa kwa sababu waliamriwa, na nisingeweza kamwe kutenganisha salamu na amri. Nilikuwa nawatamani wao, wale wa zamani, wenye kelele, na karatasi yangu ndiyo iliyosimama mlangoni.

Nikaandika barua kwa mkono. Niliandika kwamba najitoa katika chama kwa hiari yangu, na sina dai lolote kwa yeyote. Nikampelekea mwenyekiti. Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

"Umefikiri vizuri? Hapa sasa hakuna hakimu atakayekurudisha."

"Najua."

"Haya. Nenda nyumbani, mwalimu."

Nilifika mlangoni nikashindwa kujizuia, nikageuka. "Mtakuja kuniita lini?"

"Usiulize," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ukiuliza ni madai."

Huu ni mwezi wa nne tangu nipeleke barua ile. Alhamisi alasiri wanafanya mazoezi nyumba ya tatu kutoka kwangu, nami nazima redio, nakaa uani kusikiliza. Sijauliza.