Watu Kumi na Mmoja, Kidole Kimoja

Mwanangu, wewe unayeanza kusimamia watu, kabla sijakwambia lolote kuhusu siku ile ya tanki, ngoja nikutajie waliokuwepo, maana habari isiyo na majina ni kama nyumba isiyo na mlango, utaizunguka tu. Alikuwepo Wafula, msimamizi wa mjengo, ambaye ndiye aliyemwoa binti yangu Nekesa. Alikuwepo Kamau, fundi wa mawe, mtoto wa Wambui tuliyekaa naye ploti moja hapa Umoja tangu Kamau akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwepo Musa, mtu wa mkono anayewasaidia mafundi, ambaye kwao Bungoma huitwa Simiyu. Mama yake, Nasambu, tulichota maji kisima kimoja tukiwa wasichana. Walikuwepo na vijana wengine wanane, na majina yao ninayo yote, lakini nikiyamwaga hapa utachoka kabla hatujafika. Na mimi nilikuwepo, na sufuria zangu, kwenye kibanda changu cha mabati ng'ambo ya barabara, kinachotazama lango la mjengo. Nekesa hakuwepo. Kutokuwepo kwake karibu kutumalize.

Kuna jambo lazima ulijue kwanza. Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi benchi moja, na neno zito hupitia kwa mtu wa katikati. Wajukuu wangu wa Donholm hucheka wakisema hayo ni mambo ya kale. Wacheke tu. Mimi na Wafula tumeishi hivyo miaka kumi na minne bila kukwaruzana. Chakula chake kilipelekwa na Kamau, salamu zake zilikuja na Nekesa, na akipita mbele ya kibanda changu aliinamisha kichwa, nami nikageukia jiko. Heshima si utumwa.

Sasa sikiliza. Wiki moja kabla ya siku ile, mwenye kandarasi alitoa amri kwamba kila anayekanyaga mjengo wake asome usalama wa kazi kwenye simu. Yalikuwa masomo ya intaneti, yenye picha zinazotembea na sauti ya mwanamume inayoeleza kwa Kiswahili kizuri, na mwisho wa kila somo kuna maswali. Ukipita unapewa cheti humo humo kwenye simu. Asiye na cheti asionekane Jumatatu.

Amri hiyo ilikuta watu saba kati ya kumi na mmoja wana simu za kabambe, zile za vitufe, zisizojua intaneti ni nini. Walio na simu kubwa nao walisema bando ni la mpira, si la masomo. Wafula, ambaye alikuwa na slabu ya zege ya kumwaga Jumamosi hiyo na hakutaka kupoteza nusu siku, akaona njia ya mkato. Akampa Nekesa simu yake na karatasi yenye majina yote kumi na moja, la kwake likiwa la kwanza. Nekesa akaja kuketi kibandani kwangu, akaanza.

Ungemwona. Sauti inaeleza, yeye anasuka nywele za jirani. Sauti ikinyamaza, anafuta mafuta mkononi na kubonyeza majibu. Mtu wa kwanza ilimchukua saa nzima na zaidi, kwa kuwa alikuwa akikisia. Kufikia wa tatu majibu alikuwa ameshayashika, akawa haitazami hata picha, anaiacha sauti iseme peke yake hadi maswali yafike. Mchana vijana walikuja kula wakakuta ameshafika kwa Musa.

"Nipitishe vizuri, dada," Musa akamwambia. "Hata darasa la nane sikupita."

"Nimekupa tisini na tano," Nekesa akasema.

"Tisini na tano," Kamau akadakia. "Musa, umpigie mamako. Mwambie kuna mtu ametumia kichwa chako na kimefanya kazi."

Wakacheka, nami nikacheka. Nilifanya zaidi ya kucheka, nami sitajificha: nilimsifu Nekesa kwa wepesi wa mikono na nikamwambia aharakishe kabla maharagwe hayajapoa.

Na mimi nilipaswa kujua zaidi. Nilipokuwa msichana, nyumba hizi za Umoja zilipokuwa zikijengwa, nilibeba mchanga kwa karai hapa hapa. Msimamizi wetu, Mzee Mutiso, alikuwa na desturi ya kutusimamisha asubuhi na kutuambia hatari za siku, kisha kila mmoja alirudia kwa mdomo wake. Siku moja rafiki yangu Rael alikuwa bado anafunga leso, nikajibu kwa niaba yake: "Tumesikia, mimi na Rael." Mzee Mutiso akanijia polepole. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Rael akiteleza kwenye ngazi, utavunjika wewe mguu?" Akanirudisha nyumbani siku nzima bila kazi, na Rael naye. Nililia njia yote hadi Shauri Moyo nilikokuwa nikikaa, nikimwita mtu mbaya. Kumbe ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini hata macho ya mzee huweza kujaa moshi ule ule. Nilisikia somo lile la Mutiso nikiwa na miaka kumi na minane, nikalisahau nikiwa na wajukuu.

Lakini kuna jambo lilitokea pale kibandani ambalo hakuna aliyelitambua, hata mimi. Mimi niliishia darasa la pili. Kusoma kwangu ni kwa shida, kwa hiyo maisha yangu yote nimejifunza kwa sikio. Nekesa alipokuwa akisuka na kubonyeza, mimi nilikuwa nachambua maharagwe na kusikia. Sauti ile ilirudi mara kumi na moja na maneno yale yale. Kufikia jioni, katika mjengo wote ule, mtu aliyekuwa amesoma somo ni mama wa maharagwe.

Mvua ikanyesha wiki iliyofuata. Iliacha maji ya kufika magotini ndani ya tanki la chini ya ardhi, lile la kuwekea maji, ambalo lilikuwa limeshafunikwa kwa zege juu na kuachiwa matundu mawili, kila moja na mfuniko wake. Asubuhi nikiwa napuliza jiko nikaona vijana wameweka ngazi kwenye tundu moja, na Kamau na Musa wanateremsha pampu ya petroli ndani kwa kamba, hadi juu ya jukwaa la mbao, ili kutoa maji. Tundu la pili lilikuwa bado limefungwa.

Sauti ilikuwa masikioni mwangu kana kwamba mtu amesimama nyuma yangu: usiingize mashine ya petroli mahali palipofungwa, moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunuka. Wafula alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka kwangu, ananipa mgongo. Neno moja lingetosha. Nikamtafuta Nekesa kwa macho, nikakumbuka ameenda Gikomba kununua nguo za watoto. Kamau yuko mbali, kelele ya mashine imeshaanza.

Mwanangu, nilisimama pale na mwiko mkononi nikajipa sababu. Nilisema, hawa ni mafundi, mimi ni nani? Nilisema, mama mkwe hapazi sauti kumwita mkwe mbele ya watu wake. Nilisema, nitangoja Nekesa arudi. Mficha uchi hazai, nami niliificha elimu yangu kama mtu anayeficha kidonda. Nikarudi kwenye sufuria. Nikakata vitunguu. Kila nilipoinua macho, mashine ilikuwa bado inanguruma chini kwa chini, na maji yanatoka kwenye mpira kwenda mtaroni.

Kisha maji yakakoma kutoka, lakini mashine ikaendelea. Musa akashuka ngazi kuangalia mpira umeziba wapi. Nikahesabu vitunguu. Vinne. Vitano. Hakupanda.

"Musa," Kamau akaita kwenye tundu. "Umelala huko?"

Akaita tena, kisha akapiga magoti, akachungulia. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Ameketi chini. Ananitazama na hanijibu."

Wafula alitupa helmeti, akaweka mguu wa kwanza kwenye ngazi, na wa pili.

Wewe unayesimamia watu, ungefanya hivyo hivyo, najua. Mtu mwema hamwachi mwenzake shimoni. Lakini sauti ilikuwa imeniambia mara kumi na moja: mwenzako akianguka ndani, usimfuate, wengi hufa wakienda kuokoa. Sijui nilivukaje ile barabara. Najua nilikanyaga kokoto bila kiatu kimoja. Wafula alikuwa ameshazama hadi kifuani nilipomshika mkono, nikavuta kwa uzito wangu wote, nikaketi chini nikiwa bado nimemshika.

Vijana wote waliganda. Hata wale wa kwao si Bungoma walijua kwamba limefanyika jambo lisilofanyika.

"Mama, niache," Wafula akasema. Alikuwa hanitazami, hata wakati ule. "Kijana atakufa."

"Ukishuka mtakufa wawili, na binti yangu atabaki mjane. Hewa ya mle ni sumu. Panda."

"Nani amesema?"

"Simu yako."

Akanitazama. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, mkwe wangu alinitazama machoni. Kisha akapanda.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka, na bado yalikuwa polepole mno. Nilisema tundu la pili lifunguliwe, wakaung'oa mfuniko kwa mtaimbo. Nilisema kamba, wafunge kitanzi, wakiteremshe mbele ya Musa. Mmoja akakimbia kutafuta gari. Kamau alilala kifudifudi, akakipeleka kitanzi hadi kwenye mapaja ya Musa, lakini Musa alikitazama kama mtu anayetazama kitu cha kwenye ndoto. Kichwa kilikuwa kinaanza kulala begani.

"Musa, shika kamba. Musa." Kamau alikuwa analia. "Shika basi, ng'ombe wewe, shika."

Nikakumbuka kwamba Musa ni jina la mjini. Nikainama juu ya tundu, nikaita kama Nasambu alivyokuwa akiita jioni akitaka watoto warudi. "Simiyu. Simiyu wa Nasambu. Inua mikono nikuvue shati." Sijui ni kwa nini nilisema shati. Nadhani hilo ndilo neno ambalo kila mtoto hulitii akiwa amelala nusu. Mkono mmoja ukainuka. Nikaita tena, nikaita tena, sauti ikanikauka. Wa pili ukainuka, kitanzi kikapita kichwani, kikashuka hadi makwapani, na Wafula na wenzake watano wakavuta.

Alitoka akiwa mzito kama gunia lililolowa. Midomo haikuwa na rangi niliyoipenda. Tukamlaza penye upepo, tukampepea hadi alipotapika, na kutapika kule, mwanangu, kulikuwa kutamu kuliko wimbo wowote wa kanisani. Alilazwa siku nne. Leo anafanya kazi, ingawa husema kichwa humuuma mvua ikija.

Jioni Wafula alifika kibandani. Hakuketi. Alisimama mlangoni, ametazama pembeni kama kawaida, akasema kwa sauti ya kumtosha mtu mmoja, "Ulijua tangu asubuhi?"

Ningeweza kudanganya. "Nilijua."

"Kwa nini hukuniita?"

"Kwa sababu hiyo hiyo inayokufanya uniulize ukitazama ukuta."

Kisha akasema, "Na mimi nina cheti. Nimepata mia kwa mia." Akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyeshika mwiko wa saruji. Vyeti vyote vilifutwa. Simu ya Wafula iliwekwa juu ya meza ya mbao, wakaketi kuizunguka, na mwenye kabambe alingoja zamu yake akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Kamau alianguka mara mbili. Alipopita mara ya tatu hakuna aliyemcheka.

Basi nikwambie wazi. Kamau alikuwa na msemo wake kwamba ajali haina kinga. Ajali nyingi zina kinga, mwanangu, ila kinga yenyewe huchosha, huchukua nusu siku na hula bando. Ukiambiwa usome usalama kwenye simu, soma wewe, kwa macho yako na masikio yako. Usimpe mkeo, usimpe mwenzako mwenye vidole vyepesi. Usichokielewa, uliza, kuuliza si ujinga. Wewe msimamizi, cheti cha mtu wako si karatasi ya kumwonyesha mwenye kandarasi; kabla hajashuka au kupanda, mwambie akuambie alichosikia. Na wewe unayejua jambo, awe ni baba mkwe, awe ni tajiri, awe ni padri amesimama kwenye hatari, mwite. Desturi ni nguo nzuri, nami bado naivaa, lakini nyumba ikishika moto hakuna anayengoja kufunga vifungo.

Mungu ayaimarishe mawe unayokanyaga. Akutoe asubuhi na akurudishe jioni na vidole vyote kumi, na wanaokungoja mlangoni wasipelekewe habari yako na mtu mwingine ila wewe mwenyewe.

Na kama nimekosea jina la mtu au mpangilio wa mambo, nyinyi vijana wa Wafula mlioketi hapa, mliokuwepo siku ile, nisahihisheni, kichwa hiki kimebeba mengi. Ila kuna moja ambalo Wafula hulikana hadi leo. Yeye huwaambia wazee wa kwao kwamba nilishika shati tu. Mimi nakumbuka mkono, wenye jasho na saruji, na mshipa wake ukipiga chini ya vidole vyangu. Mliona wenyewe. Niambieni ilikuwa ni nini.