Ufa Ulionyooshwa

Baba yangu, Eskil Norrby, aliliacha sikio lake la kushoto chini ya mji wa Stockholm. Baruti ililiziba mwaka wa sabini na moja, walipokuwa wakipasua mwamba wa stesheni yetu ya treni, na tangu hapo dunia ilibidi imjie kwa upande wa kulia.

Kazi yake ilikuwa kugonga. Moshi wa baruti ukishatulia, alipanda na mtaimbo akagonga dari ya jiwe huku ameinamisha kichwa. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliolegea hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa. Huo aliuangusha mwenyewe kabla haujamwangukia mwenzake.

Stesheni ile haikulainishwa. Juu ya jiwe walinyunyiza zege jembamba tu, likafuata kila nundu na kila bonde, ili abiria ajue yuko tumboni mwa mlima. Kisha akaja mchoraji, Ragnhild, aliyekunywa kahawa yake pamoja na wachimbaji.

"Hapa nichore nini?" aliwauliza.

"Chora ufa," Baba akajibu, akamwonyesha kwa chaki ulikopita: kutoka kwenye ngazi, ukajipinda juu ya jukwaa, ukashuka ukutani. Ragnhild akaufuata kwa rangi ya buluu. Abiria waliona mto. Wagongaji waliona ramani ya pale mwamba unapolegea. Kila majira ya kuchipua walitembea chini ya ile buluu na mitaimbo yao, na kwa miaka thelathini Baba ndiye aliyetangulia.

Hawakuandika popote. Nani angeandika jambo linalojulikana na kila mtu?

Mwaka huu, Baba akiwa na miaka themanini, stesheni ilikarabatiwa. Nikampeleka kuiona. Hatukufika hata jukwaani. Alisimama ngazini, akaushika mkono wangu mpaka ukauma.

"Nani kaunyoosha?"

Mto ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula, sambamba na mabenchi mapya. Na pale ufa wa kweli uliposhuka, ukuta ulikuwa mweupe, na chini yake benchi, na juu ya benchi mama mmoja akimmenyea mwanawe chungwa.

Kesho yake tulikuwa ofisini kwa Joakim, msimamizi wa ukarabati. Alitukaribisha kwa kahawa na maandazi ya mdalasini.

"Eskil, rangi ilikuwa imebabuka. Tumeurudishia mchoro uzuri wake."

"Uzuri! Ufa wangu umeufanya kamba ya kuanikia nguo!"

"Ufa gani? Kwenye kumbukumbu zetu pameandikwa 'mapambo'."

"Aliyeandika alikuwa na masikio?"

"Tutalipeleka kwenye kikao cha Septemba. Chukua andazi, Eskil."

"Andazi lako kula mwenyewe."

Nilidhani yameishia hapo. Alhamisi asubuhi Baba akanipigia simu nimfuate stesheni. Nilimkuta amesimama juu ya lile benchi, kopo la rangi ya buluu mkononi, anaurudisha mto kwenye njia yake.

"Babu, utaanguka!" mwanamke mmoja alikuwa akimwambia.

"Nikianguka nitaanguka peke yangu. Wewe ondoka hapo chini!"

Mlinzi akaja. "Shuka, mzee."

"Shika kopo kwanza."

Mlinzi, maskini, akalishika, kisha akaita ofisi. Kwa kuwa lilikuwa jambo la ukuta, ofisi ikamtuma Tuva, anayeshika mtaimbo siku hizi, ambaye Baba mwenyewe alimfundisha kazi alipokuwa msichana, na ambaye hakuwa amegonga pale tangu ukarabati.

"Eskil! Mimi nilisikia umekufa."

"Bado. Gonga."

Tuva akagonga kwenye mstari ulionyooka. Kengele. Akagonga tena hatua tatu mbele. Kengele. Akahamia kwenye rangi mbichi ya Baba, akagonga, akaacha. Akagonga tena, na uso wake ukabadilika.

"Waondoeni watu," akasema.

Walipokwisha kufunga kamba, alilichokonoa jiwe lenye ukubwa wa mtoto mchanga. Likaanguka, likalivunja benchi katikati. Baba hakufurahi hata kidogo. Alilitazama kwa hasira lile benchi, alipokuwa ameketi yule mama na mwanawe wa chungwa.

Mto sasa umerudishiwa mpindo wake. Lakini baada ya wiki mbili tulipata barua ya ofisi: wanamshukuru Eskil Norrby kwa mapenzi yake kwa mapambo ya stesheni, na wanamkumbusha kwamba kupaka rangi ukutani hakuruhusiwi.

Aliisoma mara mbili, akanisukumia kalamu.

"Niandikie. Andika: *Si mapambo. Ni ufa. Gongeni hapo kila mwaka.* Na wauandike kitabuni mwao, tulivyopaswa kuuandika sisi."

"Hayo tu, Baba?"

"Weka jina langu, na la Ragnhild, na la Tuva."

"Na salamu?"

"Salamu hapana."