Namba Kumi na Nne

Zamani muuguzi alinawa mpaka viwikoni kabla ya kugusa kidonda, na siku hizi ananyunyiza dawa kiganjani huku simu ameibana kwa bega.

Mama Sabuni alikuwa wa zamani. Alifunga vidonda katika wodi ya wanaume kwa miaka ishirini na sita, na mgonjwa aliyejaribu kujikuna karibu na bandeji alipigwa kofi mkononi, awe mwalimu au mchukuzi. Nilimfahamu wakati mguu wangu ulipokuwa ukitoa usaha. Nilijiharibia mwenyewe: nilinunua vidonge dukani, nikameza nusu, nikapata nafuu, nikaacha. Vijidudu vilivyobaki vikawa sugu. Daktari hakunificha: dripu ya mwisho ikishindwa, mguu unakatwa.

Wakati huo watafiti walikuwa wakijaribu kama sabuni ya dawa na marhamu ya puani vingepunguza maambukizi hayo. Kila Jumatatu walipitisha kijiti cha pamba katika pua za wagonjwa na wafanyakazi wote wa wodi. Majibu yalibandikwa ukutani kwa namba, na namba yako uliijua peke yako.

Jumatatu moja ikaonekana kwamba namba kumi na nne amebeba vijidudu vilevile vya mguu wangu. Wauguzi vijana wakamsingizia mfagizi, wakisema pua yake pana ina nafasi ya kupangisha vijidudu.

Mama Sabuni akatua beseni. "Mwacheni baba wa watu. Kumi na nne ni mimi."

Huenda mimi ndiye niliyemwambukiza. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza, akapaka kwanza marhamu yake puani.

"Mguu wako nimeufunga kwa mikono hii, mzee," alisema. "Siwezi kuukata kwa kunyamaza."

Wakamwondoa kwenye vidonda, wakampeleka stoo kukunja shashi za bandeji, mpaka vipimo vitatu vitoke safi. Hata huko hakutulia. Alisimama mlangoni akiwachunga vijana kwenye sinki: "Viwiko, mwanangu. Viwiko navyo ni vyako." Walinuna, lakini walinawa.

Dripu ikafanya kazi. Siku ya kuruhusiwa nilikwenda stoo kumuaga. Vipimo viwili vilikuwa safi, bado kimoja. Nikanyoosha mkono, yeye akaficha wake nyuma ya mgongo, kama msichana aliyeiba sukari.

"Jumatatu, mzee," alisema. "Nikitoka safi, tutashikana."

Ilikuwa Jumamosi. Niliondoka kwa miguu yangu miwili, na sikurudi tena.